Shoti Ambayo Haikuonyeshwa

Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis, na mitambo yake ya kurekodia. Miongoni mwa nyimbo alizonasa kuna moja ya wasichana waliomwimba kiumbe aitwaye Chemirocha. Nyuma ya jina hilo yuko Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimepanda hadi milimani huku. Wasichana wale walikuwa wameisikia sauti na gitaa. Sura ya mwimbaji hawakuijua. Kwa hiyo wakamuumbia mwili: nusu mtu, nusu swala, hodari wa kuruka, wakamwalika acheze ngoma yao mpaka nguo zimwanguke.

Hapakuwa na kamera, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo video ya kwanza ya muziki katika nyanda hizi za juu. Wasikilizaji walipewa sauti bila picha, nao wakaitengeneza picha kwa vitu walivyokuwa navyo, yaani mnyama wanayemfahamu na ngoma wanayoicheza. Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana anayesubiri gari la Molo kwenye stendi ya Keringet anafungua simu na kukuta kila kitu kimeshapigwa picha, kimeshapakwa rangi, kimeshakatwa na kuunganishwa. Mtu anaweza kudhani kijana huyo hana kazi iliyobaki ila kutazama. Sura hii inasema anayo kazi, tena kubwa. Katika video yenye hadithi, na hasa zile za roki mbadala ambazo ndizo zilizoupeleka mbali mtindo huu, uzito wa hadithi hukaa kwenye shoti ambayo haikuonyeshwa. Anayetaka kuichambua video ya namna hiyo na aanze kwa kuitafuta.

Chanzo cha kuacha shoti ni uchache wa muda. Filamu ya saa moja na nusu ina nafasi ya kumleta mhusika, kumzoeza kwetu, kumtia mashakani na kumtoa. Wimbo una dakika nne, ukizidi sana tano, na sehemu ya dakika hizo inaliwa na bendi yenyewe ikipiga ala zake. Juu ya hayo, wimbo hurudi nyuma. Kiitikio kinakuja mara tatu au nne kwa maneno yaleyale, wakati hadithi haiwezi kurudi ilikotoka, lazima isonge. Mwongozaji anabaki na muziki unaozunguka na kisa kinachokwenda mbele, na njia pekee ya kuvipatanisha ni kuruka. Anaruka siku, anaruka sababu, anaruka mazungumzo. Anayoyaruka yanatuachia sisi kazi.

Tazama "Jeremy" ya Pearl Jam. Wimbo umo katika albamu yao ya kwanza, Ten, ya mwaka 1991, na video iliyoongozwa na Mark Pellington ilianza kuonyeshwa mwaka 1992. Ulitokana na habari ya gazeti: tarehe 8 Januari 1991, katika shule ya sekondari ya Richardson, Texas, mwanafunzi aitwaye Jeremy Wade Delle alijiua kwa bastola mbele ya wenzake darasani. Mwimbaji Eddie Vedder aliisoma habari hiyo, ikamgusa kwamba kifo cha mtoto kilikuwa kimepewa mistari michache tu, akaandika wimbo.

Pellington alifanya jambo la busara sana katika ujenzi wa video hiyo. Mtoto anayemwigiza Jeremy anasogea, anachora, anapiga kelele, anakimbia msituni. Watu wanaomzunguka, wazazi wake na wanafunzi wenzake, mara nyingi wameganda kama sanamu. Wazazi wanagombana wakiwa wamesimama kimya, midomo wazi. Darasa linamcheka bila kutikisika. Ukizima sauti na kuitazama hivyo, utaielewa hali yake kuliko maelezo yoyote: mtoto huyu ndiye pekee aliye hai mahali ambapo kila mtu mwingine ameshasimama. Katikati ya picha yanamulika maneno yaliyoandikwa, mafupi, kama vichwa vya habari. Kiitikio kinaporudi hakibadiliki, lakini picha inakuwa nzito zaidi kila mara, hata ukifika mwisho unalisikia lile jina la mtoto kwa namna ambayo hukulisikia mwanzoni.

Kisha mwisho wenyewe. Jeremy anaingia darasani, anamrushia mwalimu tofaa, anasimama mbele ya wenzake. Pellington alipiga shoti ya mtoto akijiwekea bastola mdomoni. MTV hawakuikubali, na kwa kanuni za runinga ya wakati ule walikuwa na sababu. Shoti ikapunguzwa mpaka tukabaki na uso wa mtoto karibu kabisa, macho yamefumba, halafu mmuliko, halafu darasa: wanafunzi wameganda, mashati meupe yamerukiwa na damu, wengine mikono imeinuliwa mbele ya nyuso zao.

Watazamaji wengi waliona mikono ile iliyoinuliwa, wakaona damu kwenye mashati, wakahitimisha kwamba mtoto amewapiga risasi wenzake. Kisa cha mtoto aliyejidhuru kikageuka kuwa kisa cha mtoto muuaji. Sekunde chache ziliondolewa kwa nia ya kuwakinga watazamaji, na hadithi nzima ikapinduka. Video hiyo ilishinda tuzo nne za MTV mwaka 1993, ikiwamo ya video bora ya mwaka, huku sehemu kubwa ya walioipenda wakiwa wameielewa kinyume. Toleo lisilokatwa lilitolewa rasmi mwaka 2020, miaka 28 baadaye. Nadhani hakuna somo la uhariri lililo wazi kuliko hili. Ukiondoa shoti, mahali pake hapabaki patupu. Mtazamaji anapajaza papo hapo kwa kile alichonacho karibu, na huyo mtazamaji wa Marekani alikuwa na hofu tele karibu yake. Mtoto yule wa Texas alistahili kueleweka.

Radiohead walilitumia pengo kwa hiari yao. Katika video ya "Just" ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Jamie Thraves, mwanamume mwenye suti analala chini kwenye njia ya waenda kwa miguu mjini London. Watu wanamzunguka wakitaka kujua kwa nini. Maneno yao tunayasoma chini ya skrini, maana muziki umezifunika sauti zao. Wanambembeleza mpaka anakubali kuwaambia, na wakati huohuo maandishi yanatoweka. Tunaona mdomo ukisema, hatusomi kitu. Shoti inayofuata, wote wamelala chini. Bendi haijawahi kusema mtu yule alitamka nini, na wamefanya vizuri. Nimewahi kuwaonyesha vijana wa hapa video hii, na majibu yao yalinifundisha zaidi kuwahusu wao kuliko kuhusu Radiohead. Mmoja alisema ni deni, deni tu linaweza kumlaza mtu barabarani hivyo. Mwingine alisema jamaa amewaambia saa watakayokufa. Msichana mmoja alisema hakuwaambia neno lolote kubwa, ila amewauliza wao wanakimbilia wapi. Kila mmoja alijibu kutoka kwenye jambo linalomsumbua mwenyewe.

Sasa turudi Kenya, kwa sababu mfano mkubwa kuliko yote ninayoifahamu ulitokea Nairobi.

Just A Band walianzia Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 2003. Blinky Bill Sellanga, Dan Muli, Jim Chuchu na Mbithi Masya hawakuwa wanamuziki tu. Walichora, walihariri, na walizoea kujitengenezea video zao wenyewe. Mpenzi wa magitaa atanikatiza hapa aseme hii si roki. Ni kweli "Ha-He", wimbo wa albamu yao 82 ya mwaka 2009, umejengwa kwa mashine, besi na mdundo wa fanki. Lakini katika Kenya ya wakati ule, ambapo redio ilijaa genge, injili na lingala, muziki mbadala ulikuwa huo: vijana wachache waliokataa njia iliyokwisha kulimwa na kujifungulia ya kwao. Na katika namna ya kusimulia kwa picha, wao ni ndugu wa karibu wa Radiohead.

Video ya "Ha-He" iliwekwa mtandaoni tarehe 17 Machi 2010. Kisa chake ni chepesi: kuna wahuni, kuna mwanamke, kuna ngumi, na kuna Makmende, aliyeigizwa na Kevin Maina, mwenye afro kubwa na kitambaa kichwani, asiyeshindwa na yeyote. Picha imetiwa uchakavu ifanane na filamu za miaka ya 1970, zile za mapigano ya kung-fu na za mashujaa weusi wa mijini Marekani. Maneno ya wimbo hayasimulii lolote katika hayo. Ukiusikia redioni hutamjua Makmende wala hutahisi kwamba amekosekana. Wimbo na hadithi havielezani, vinakwenda tu kwa mwendo mmoja.

Jina lenyewe halikubuniwa na bendi. Watoto wa mitaa ya Nairobi walikuwa wakilitumia tangu miaka ya 1990 kwa mtoto anayejifanya shujaa, aliyetoka kutazama filamu na sasa anataka kupiga kila mtu teke. Lilitoka kwenye vibanda vya video, vile vya mabati na mabenchi vilivyowalea watazamaji wa Kenya nzima, Keringet na Molo zikiwamo. Mle ndani filamu haikuwa kitu kilichokamilika. Filamu ya Kichina au ya Marekani ilikuja katika lugha isiyoeleweka na wengi, ndipo akaingia mtu wa kuijaza. DJ Afro amejijengea jina kubwa kwa kazi hiyo ya kusimulia juu ya filamu kwa Kiswahili cha mtaani, akiwabatiza waigizaji majina mapya na kuwatilia vinywani maneno ambayo mwandishi wa Hollywood hakuyawaza. Uganda wana wao, VJ Jingo akiwa miongoni mwa mashuhuri. Mtazamaji aliyelelewa hivyo amezoea kwamba picha ni ya yule, lakini hadithi ni yetu sote.

Shoti ambayo haikuonyeshwa katika "Ha-He" ni filamu nzima. Video imepigwa kana kwamba ni kipande cha filamu ndefu iliyopo mahali fulani, na wito uliosambaa nayo ulikuwa kwamba Makmende amerudi. Amerudi kutoka wapi? Alikuwa ameondoka lini, na kwa nini? Hakuna aliyeonyeshwa. Basi Wakenya wakaanza kuandika wenyewe. Ndani ya siku chache Facebook na Twitter zilijaa vichekesho vya nguvu za Makmende, mabango ya filamu zisizokuwapo, majalada ya magazeti makubwa ya dunia yakiwa na uso wake. CNN na Wall Street Journal wakaandika habari zake. Njia pia ilikuwa imefunguka: nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009, na kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida mjini aliweza kutazama video kwenye intaneti bila kungoja nusu saa ipakiwe. Lakini waya huleta chochote. Waliichukua hii kwa sababu iliwaachia nafasi.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likipewa uzito wake. Katika Kenya, jina la mtu ni ramani. Ukiitwa Cheruiyot, Kamau, Otieno au Mutua, kabla hujafungua mdomo mwenzako ameshakupangia kijiji, chama na historia. Makmende hana jina la pili. Hana kijiji, hana lafudhi ya kwao, hana babu. Machi 2010 ilikuwa miaka miwili tu tangu makubaliano ya amani ya tarehe 28 Februari 2008 yalipozima moto wa baada ya uchaguzi, na miezi mitano kabla ya kura ya katiba mpya ya tarehe 4 Agosti. Nchi ilikuwa imechoka kuulizana majina. Akaja shujaa ambaye swali hilo halimgusi, na watu wa pande zote wakamchukua kuwa wao. Sidai kwamba bendi ilikusudia hivyo. Ninasema tu kwamba pengo lilikuwapo, na wakati ule kulikuwa na kiu ya kulijaza kwa namna hiyo.

Wawili kati ya wanabendi wa Just A Band waliendelea na filamu. Jim Chuchu aliongoza Stories of Our Lives, ambayo Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya iliizuia mwaka 2014 isionyeshwe nchini. Mbithi Masya aliongoza Kati Kati, iliyopata tuzo ya wahakiki wa FIPRESCI huko Toronto mwaka 2016. Filamu hiyo inaanza na mwanamke anayejikuta nyikani hakumbuki yeye ni nani wala amekufaje. Ukiijua "Ha-He" unatambua mkono uleule: mtu amefika, na sehemu ya maisha yake imekatwa kabla hatujakutana naye.

Haya yote yana maana gani kwa Keringet, mahali ambapo gitaa limependwa kwa muda mrefu lakini bendi ya roki haijawahi kuwa jambo la kila siku? Gitaa la Kikalenjin lina ukoo wake. Kipchamba arap Tapotuk alilipiga kwa miongo, na mapenzi ya watu wa huku kwa kantri yamedumu tangu enzi ya santuri za Rodgers. Video zinazotengenezwa sasa katika ukanda huu ni nyingi, na nyingi zina picha safi. Tatizo ninaloliona ni kwamba zinaonyesha kila neno. Mwimbaji akitaja mama, tunaonyeshwa mama. Akitaja shamba, tunapelekwa kwenye majani chai. Akitaja machozi, mwigizaji anajifuta. Hakuna kinachoachwa. Video ya hivyo inapendeza siku ya kwanza, na siku ya pili haina cha kukurudisha.

Lakini siwahimizi vijana wa Kuresoi waanze kukata shoti ovyo, kwa sababu huku pengo lina uzito ambao Nairobi au London halina. Chukua picha moja rahisi: alfajiri, ukungu, msichana anakimbia kwenye barabara ya murram. Mgeni akiiona anajua jibu mara moja. Huyu ni mwanariadha, maana Faith Kipyegon, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 mara tatu, 2016, 2021 na 2024, ni mtoto wa Keringet, na kila mwenye kamera anayepanda huku huja kutafuta picha hiyo. Mama wa hapa anaweza kuona mtoto aliyechelewa shule. Na yupo mtu mwingine, ambaye mwaka 1992, au 1997, au Januari 2008, alitoka mbio alfajiri kama hiyo akiwa na mtoto mgongoni na moshi nyuma yake. Yeye hataona riadha. Molo, Kuresoi na Olenguruone zimepitia moto huo wa machafuko ya nyakati za uchaguzi zaidi ya mara moja, na familia za pande tofauti zinaukumbuka kwa visa visivyofanana.

Msingi wa nyumba iliyoungua, ukionyeshwa kwa sekunde tatu bila maelezo, utajazwa kwa haraka zaidi kuliko pengo lolote la Pearl Jam. Huyu atasema nyumba hii ni yetu, na yule atasema ni yao, na kila mmoja atamtia mchoma moto sura anayoijua. Watazamaji wa "Jeremy" walikosea kuhusu mtoto wasiyemjua. Hapa watu watakosea kuhusu jirani. Mwongozaji anayeshika kamera Keringet anawajibika kujua watazamaji wake watalijaza pengo hilo kwa kitu gani, na akishajua, aamue kama anaacha pengo au anasema wazi. Kuna hadithi za Kuresoi zinazotaka kusemwa wazi kabisa, jina kwa jina, na kuzifunika kwa ukungu mzuri ni kuwakosea waliofikwa nayo. Kuna nyingine, za mapenzi, za ujana, za mtu aliyeondoka kwenda mjini asirudi, ambazo zitapata nguvu siku mwongozaji atakapothubutu kunyamaza.

Ninayo njia ya kutazama ambayo naipendekeza kwa yeyote, awe mchambuzi au mtengenezaji. Itazame video bila sauti, uandike kisa ulichokiona. Usikilize wimbo bila picha, uandike kisa ulichokisikia. Kisha viweke pamoja na uulize ni kipi kati ya ulivyoandika ambacho hakikuonyeshwa wala kuimbwa. Hicho umekiweka wewe. Ukilirudia zoezi hilo na "Ha-He", utajikuta umeandika ukurasa mzima kuhusu maisha ya Makmende ambayo bendi haikuyapiga hata fremu moja.

Na wewe unayehariri video yako ya kwanza kwenye kompyuta ya kuazima huko Keringet, kabla hujaipandisha mtandaoni ionyeshe katika nyumba mbili ambazo hazizungumzi lugha moja jikoni. Usiwaeleze chochote. Waulize nini kimetokea katika hadithi, usikilize mpaka mwisho bila kuwasahihisha, halafu rudi kwenye uhariri wako.